Kurasa Thelathini Alizoziruka Emna

"Asante kwa kunionyesha kitabu hiki. Nimekisoma mpaka mwisho."

Maneno manane tu, bila jina, chini ya habari aliyoiandika mtandaoni. Emna aliyasoma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, sogea nikudokeze upesi. Emna anauza dawa katika duka moja pale Bab Suika, mjini Tunis. Akifunga duka, huandika habari za vitabu katika blogu yake. Ana wenzake wanne wa kazi hiyo hiyo, na watano hao wanajiita Duara. Mmoja akikutana na kitabu kizuri, huwagawia wenzake. Anayekimaliza wa kwanza huandika jina lake kwa penseli chini ya mstari wa mwisho, kisha hukitangaza. Wengine humfuata. Neno la mmoja ni neno la wote.

Basi mwenzao Wided, wa Bizerte, aliwaletea kitabu chembamba kilichoandikwa na mfinyanzi mmoja mwanamke. Emna alikisoma kwa machozi. Zilipobaki kurasa thelathini, kazi ikambana, usingizi ukambana, na hamu ya kuwa wa kwanza ikambana kuliko vyote. Akakitangaza hivyo hivyo. Tena akanukuu fungu zima la kupendeza, juu ya dirisha linalotazama ziwa la chumvi, kuba jeupe na mtini mmoja.

Watu elfu kumi na moja walimsoma.

Jumamosi hii asubuhi, majuma matatu yamepita, ndiyo kwanza anazisoma zile kurasa thelathini. Na katika ukurasa wa mwisho mfinyanzi amesema hivi:

"Wewe uliyefika hapa, sasa ni ndugu yangu. Kitabu hiki mpe mtu unayemwamini, mkono kwa mkono. Usikitaje gazetini wala mtandaoni. Mume wangu aliyenifungia ndani ya tanuri na kuliwasha bado ananitafuta mimi na binti yangu. Akinipata, safari hii hatasahau kupiga kufuli."

Kitendawili, msomaji wangu. Hana miguu, kaingia nyumba elfu. Hana ulimi, kaitoa siri ya aliyemzaa. Umekijua? Hata Emna alikuwa amekijua, na alikuwa amekishika mkononi.

"Chakula kinapoa!" Mama Duja, mama yake mzazi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa na bakuli la supu ya dengu mapajani. Kila Jumamosi humletea mwanawe chakula dukani, na kila Jumamosi humsuta. "Macho kwenye simu, macho kwenye kitabu. Mume angekuwa anapatikana kwenye kurasa, ungekuwa nao wanne na akiba."

"Mama, nimefanya jambo baya."

"Umeuza dawa ya mtu kwa mtu mwingine?"

"Nimesifu kitabu ambacho sikukimaliza."

Mama Duja akacheka mpaka bakuli likatikisika. "Lo! Basi mimi jehanamu yangu iko tayari. Nimesifu harusi ngapi nisizokula?"

Lakini Emna hakucheka. Alifungua blogu yake, akaifuta ile habari yake tamu, nukuu na yote. Kisha akakumbuka kwamba wenzake watatu wameinakili. Akampigia Wided. Simu ikaita mpaka ikachoka. Tangu Jumanne Wided hapokei.

Akampigia Mwalimu Hedi wa Sfax, mkubwa wao katika Duara, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kanda ya zamani.

"Mwalimu, tafadhali, ufute ile habari ya kitabu cha mfinyanzi. Sasa hivi."

"Nifute? Binti yangu, sijapata wasomaji wengi hivyo tangu nianze!"

"Umekisoma mpaka mwisho?"

Mwalimu akakohoa kidogo. "Nimesoma sura nne. Sura nne nzuri sana. Lakini wewe ulikuwa umekimaliza, au sivyo? Mimi nilisema kwa neno lako."

"Na wale wengine?"

"Nao walisema kwa neno langu."

Emna akashika kaunta. Watu watano wanaojisifu kwamba wanasoma, na kitabu kimesomwa na mmoja tu.

"Mwalimu, nakala yako iko wapi?"

"Ah, hiyo nimeitoa zawadi! Juzi alikuja msomaji mmoja, mtu wa heshima zake, kanisaka mpaka nyumbani. Kaniletea sanduku zima la makrudhi za Kairuan, zile keki za tende, na mimi na sukari yangu hii! Ningemnyima? Anakupenda sana wewe. Aliuliza unafanya kazi duka gani."

"Ukamwambia?"

"Sasa nimfiche nini msomaji?"

Kengele ya mlangoni ikalia.

Aliyeingia alikuwa mwanamume wa miaka arubaini na kitu, ndevu zimenyolewa, shati limepigwa pasi, na kishada cha yasmini kimechomekwa juu ya sikio. Harufu ilimtangulia. Akamwinamia Mama Duja kwanza, ndipo akaifuata kaunta.

"Salamu, mama. Salamu, dada."

"Na kwako salamu, mwanangu," Mama Duja alisema, na akamkonyeza Emna jicho la *unaona mambo hayo?*

"Nataka dawa ya kupaka mtu aliyeungua moto," mgeni alisema.

"Ameungua sehemu gani?" Emna aliuliza. Mkono wake ulikwenda kwenye rafu kwa mazoea, ukaishusha dawa kauntani.

"Mikono. Pengine na uso."

"Ameungua lini?"

"Bado."

Emna aligeuka polepole. Mtu yule alikuwa ameweka kitu juu ya kaunta. Kitabu chembamba, jalada la rangi ya udongo.

"Wewe ndiye Emna. Mimi ni msomaji wako," alisema. "Lasaad."

Kwenye kitabu, mume hakutajwa jina hata mara moja. Lakini vidole vilikuwa vimeandikwa, na Emna alivitambua: kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Mongia, yule mfinyanzi, aliuondoa kwa meno usiku aliotoka tanurini.

Mama Duja hakujua lolote. "Umefika mbali kwa ajili ya kitabu, mwanangu! Una mke?"

"Ninaye, mama. Amepotea. Namtafuta."

"Maskini wee! Mungu akurudishie."

"Amina," alisema Lasaad, na akaitikia kwa moyo, kama mtu anayeswali.

Kisha akamtazama Emna. "Nakala yako unayo hapo? Niipe niitazame."

"Kwa nini?"

"Mnajisifu mtandaoni kwamba anayemaliza huandika jina lake chini ya mstari wa mwisho. Nataka kuona mwandiko wako. Mimi hupenda mwandiko wa watu."

Kitabu kilikuwa pale pale, wazi, karibu na mizani ya watoto. Aliunyosha mkono wake mrefu, akakichukua bila kupewa, akafunua ukurasa wa mwisho. Ulikuwa mweupe chini, hauna hata alama ya penseli.

"Nilijua," alisema taratibu. "Niliposoma haya maneno ya mwisho nikajiambia, huyu dada hakufika hapa. Angefika asingeniita. Miaka miwili nazunguka nchi nzima na picha mfukoni, Emna. Wewe umenifanyia kazi kwa asubuhi moja."

"Toka dukani kwangu."

"Nitatoka. Ghar El Melh, kule ziwani, nimeshakwenda. Wasomaji wako ni hodari kuliko polisi, walilitambua lile dirisha Jumapili iliyopita. Ziwa lipo, kuba lipo, mtini upo. Nyumba imefagiliwa. Chungu kimoja kimeachwa kwenye gurudumu, udongo wake ukiwa bado mbichi." Akatabasamu. "Nimemkosa kwa siku mbili tu."

Emna alisikia moyo wake ukiruka. *Ametoka! Mongia ametoka!* Alijitahidi uso usimsaliti.

"Basi huna la kuniuliza," alisema.

"Ninalo moja. Amekwenda wapi?"

"Sijui."

"Wanaopendana kwa vitabu huandikiana. Sema, nami niondoke. Usiposema nitakaa." Akavuta kiti, akaketi kando ya Mama Duja, magoti yakigusana na ya yule mzee. "Mama anakuja kila Jumamosi? Hupita njia ipi, mama? Ile ya soko au ile ya msikiti?"

"Ya soko, mwanangu, ndiyo yenye kivuli," alijibu Mama Duja. Halafu kijiko kikasimama hewani. Hakusoma sana katika maisha yake, lakini watu alikuwa akiwasoma tangu zama za Wafaransa. Akamtazama mgeni kidole gumba, akamtazama mwanawe machoni. Yale maneno mengine ya ukarimu yaliyokuwa mdomoni akayameza.

Fikiri, Emna, fikiri! Alitaka mahali pa mbali. Mahali pa kumchosha mtu huyu siku nzima barabarani, ili yeye apate nafasi ya kumtafuta Wided na kumwonya. Mbali, lakini pa kuaminika. Mwongo mzuri hutaja kitu kinachofanana na kweli. Mfinyanzi hujificha wapi? Mtu hulificha jani msituni, na kondoo kundini.

"Guellala," alisema.

"Jerba?"

"Kisiwani Jerba, ndiyo. Kijiji kizima ni wafinyanzi. Nani atamtambua mmoja kati ya mia? Sasa ondoka, mwache mama yangu."

Lasaad alimkazia macho.

"Mfinyanzi kati ya wafinyanzi," alisema mwishowe. "Ndiyo. Ndivyo alivyo. Mwoga, lakini ana akili." Akasimama, akakitoa kile kishada cha yasmini sikioni, akamwekea Mama Duja mapajani. Dawa ya kuungua akailipia, akaitia mfukoni. "Endelea kuandika, dada. Sisi wengine tusingejua vitabu vizuri viko wapi."

Kengele ikalia. Gari lake la kijivu likageuza mdomo likaelekea barabara ya kusini. Emna alilitazama mpaka likamezwa na magari mengine.

Ndipo akacheka! Alicheka, akaegemea rafu za dawa.

"Saa nane za barabara, Mama! Na kivuko juu yake. Atagonga kila mlango wa Guellala, hatakuta hata kigae chake."

Mama Duja alikuwa ameushika ule ua kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Akaenda akautupa nje, akanawa mikono mara mbili.

"Umemdanganya?"

"Nimemdanganya."

"Vizuri. Lakini wewe mwanangu, uongo wako wa kwanza nao ulianza vizuri."

Emna hakutaka kusikia. Alikula supu yote, ikiwa imepoa vile vile. Alihudumia wateja watano, akampimia mtoto mmoja uzito, na moyoni akawa anatunga maneno ya kumwomba Mongia radhi. Alimtumia Wided jumbe tatu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliona kwamba pengine, pengine tu, amelipunguza lile kosa lake.

Saa nane kasoro robo Wided alipiga mwenyewe.

"Usiseme kitu, nisikilize," alianza, sauti kavu kama mkate wa jana. "Nimesoma ujumbe wako. Unasema sasa umekimaliza. Majuma matatu, Emna! Mimi nilikupa kile kitabu kwa mkono wangu, nikakwambia soma mpaka mwisho ndipo tuzungumze. Uliniambia nini?"

"Nilisema nimemaliza."

"Ulisema kimekuua. Hayo ndiyo maneno yako. 'Kimeniua, shoga yangu.' Kumbe kingemuua mwenzio."

"Nisamehe."

"Samahani kaiombe kwa Mongia, siyo kwangu. Jumapili watu walianza kuja Ghar El Melh kupiga picha dirisha lake. Wasomaji wako! Mmoja alimletea maua. Mtoto wake, Yosr, hakulala siku mbili. Jumanne nikawatia garini nikawatoa."

"Nashukuru, Wided. Wallahi nashukuru. Kwa sababu mume wake amekuja hapa."

"Amekuja wapi?"

"Dukani. Alikwisha fika Ghar El Melh akakuta nyumba tupu. Lakini usiogope, nimemtupa mbali. Hatarudi kabla ya kesho kutwa. Niambie umewapeleka wapi nije niwaombe radhi mwenyewe. Bizerte? Kwenu?"

"Kwetu angetujua mara moja. Nilijiuliza sana, mwenzangu. Mwanamke ambaye hana kazi nyingine ila udongo, na mkono wenye kovu la moto, utamweka wapi asionekane kuwa mgeni?" Wided alishusha pumzi. "Nikampeleka kwa shangazi yangu Guellala."

Emna aligeuka akaitazama barabara ya kusini kupitia mlangoni.

"Huko kila mtu ni mfinyanzi, na kila mkono una kovu la tanuri. Nani atamtambua? Emna? Upo?"

Mama Duja alisimama bila kuambiwa.

"Emna, mbona umenyamaza? Yule mtu umemtupa wapi?"

Angeweza kudanganya. Msomaji wangu, ulimi wake ulishazoea, na uongo ulikuwa umekaa tayari kwenye ncha. Kwa majuma matatu haukumgharimu kitu.

"Guellala," alisema. "Nimepataja mimi. Kwa mdomo wangu."

Wided hakupiga kelele. Alivuta pumzi moja tu, kwa ndani, kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mpigie shangazi yako!"

"Hana simu. Karakana zao ziko chini ya ardhi, hata angekuwa nayo isingeshika."

"Polisi."

"Niwaambie nini? Kwamba mtu kasoma kitabu akapenda kumwona mwandishi? Mahakama ilimwachia kwa kukosa shahidi, Emna. Shahidi pekee ndiye huyo anayefuatwa. Wapigie wewe hao polisi, mimi natafuta mtu yeyote Jerba. Yeyote!" Akakata.

Emna aliwapigia polisi. Askari aliyepokea alimsikiliza kwa adabu, akauliza kama yule mtu ametishia mtu. "Amenunua dawa ya kuungua," Emna alisema. "Na hilo ni kosa, bibi?" akaulizwa.

Simu ikatetemeka mkononi kabla hajaiweka chini. Jina lake lilikuwa limetajwa mahali. Alibonyeza, akajikuta kwenye blogu ya Mwalimu Hedi, chini ya ile habari ambayo Mwalimu hajaifuta.

"Wasomaji wenzangu," Lasaad alikuwa ameandika, "dada yetu Emna amenielekeza kwa mwandishi. Nakwenda Guellala kumshika mkono. Nani anapajua?"

Watu sabini walikuwa wamempa moyo mwekundu.

"Bahati yako, kaka! Mwambie amenifanya nilie."

"Piga picha utuwekee."

"Hivi ndivyo wasomaji wa kweli walivyo. Si kusoma tu, mtu aende amwone!"

Emna alimpigia Mwalimu Hedi. Imezimwa. Mwalimu hulala mchana, na akilala huzima kila kitu, mpaka saa ya ukutani. Akarudi kwenye maoni, akishuka na kidole kinachoteleza kwa jasho. Na huko chini kabisa lilikuwa limewekwa la mwisho, na mwanamke aliyejiita Msomaji wa Kisiwani.

"Karibu kwetu, kaka! Mimi ni wa Guellala. Jumanne jirani yangu kapokea mgeni, mama wa makamo na binti yake, mkono umeungua, na fundi wa udongo hasa. Hasemi na mtu. Bila shaka ndiye! Hatutamwambia, tumfanyie jambo la kumshtua. Ukishuka kwenye kivuko nipigie, nitakupeleka mpaka mlangoni." Chini yake, namba yake ya simu.

Chini ya namba, jibu: "Ndiye. Mungu akubariki, dada. Nimeshaipita Susa, niko njiani."

Mama Duja alikuwa ameshafunga nusu ya mlango wa duka na kutoa ushungi wa mwanawe msumarini. "Nisomee hizo namba," alisema, "upesi, piga!"

Emna alipiga. Vidole vilikosea mara moja, akaanza upya. Alingoja, simu imebanwa sikioni, maneno yote yamejipanga mdomoni: *dada, usimpeleke, si msomaji huyo, si msomaji!*

Sauti laini ya mashine ikamjibu kwamba namba hiyo inatumika, mwenyewe anazungumza na mtu mwingine.